Betri Juu ya Jiwe

Betri ya laptopu iliyovimba ina harufu tamu. Nikiwaambia watu hawaamini, wanadhani lazima inuke moshi au mpira uliochomwa. Yenyewe inanukia kama dawa ya kufutia rangi ya kucha iliyochanganywa na juisi ya embe. Mwezi uliopita laptopu ya mwenzangu kazini iligoma kuwaka. Aliminya kitufe, akachomeka chaja, akachomoa, akaigeuza kifudifudi akilalamika kwamba mfuniko wa chini umetuna, na harufu ile ikanifikia mezani kwangu. Niliinuka nikatoka nje, nikasimama kwenye ngazi mpaka moyo ukatulia. Waliponiuliza nina nini, nikasema kifua kimebana kwa vumbi. Mimi ni mwongo mzuri, nilianza nikiwa mdogo.

Ninyi wa rika langu mliokulia kwenye nyumba zenye redio ya betri hamhitaji kuelezwa sana. Redio ikianza kuvuta maneno, msomaji wa taarifa akasikika kama amelewa, betri zilitolewa zikaanikwa juani. Kwetu zilianikwa juu ya jiwe. Nyumba yetu ilikuwa Kirumba, upande wa mlimani, na nyuma yake palikuwa na jiwe kubwa kuliko nyumba yenyewe, ambalo saa sita mchana hukuweza kulikanyaga bila viatu. Pale juu tulianika nguo, tulianika mihogo, na jirani yetu Mama Kulwa alianika michembe yake, vile viazi vitamu vilivyokatwa na kukaushwa ambavyo Msukuma akivitafuna anakumbuka kwao. Betri nne za redio zilikuwa kazi yangu. Baba ndiye aliyenifundisha nizilaze kwa mstari, nizigeuze adhuhuri na nizirudishe jua likipungua. "Jua linarudisha moto," alikuwa akisema, naye alikuwa mwalimu, kwa hiyo niliamini. Na kweli, jioni redio ilizungumza tena, angalau mpaka taarifa ya habari iishe, nami nilijiona ndiye niliyeifufua.

Baba alikuwa mwalimu wa taaluma katika shule moja ya sekondari pale mjini. Shule nzima ilikuwa na laptopu moja, zawadi ya wanafunzi waliowahi kusoma hapo, na baba ndiye aliyekabidhiwa. Aliibeba begani kwenye begi jeusi kila aendako, hata kanisani, akaiweka kwenye benchi kati yake na mimi. Ilikuwa imebandikwa karatasi ndogo nyeupe za namba ya mali ya shule, moja kwenye mfuniko na nyingine kwenye betri, maana shule zetu hubandika namba mpaka kwenye ndoo. Ndani yake zilikuwamo alama za maendeleo za kidato cha nne wote, ambazo zilitakiwa kuondoka shuleni Jumanne. Watu walikuwa wameanza kunong'ona kwamba mkuu wa shule akistaafu, kiti ni cha baba. Alama zile zikichelewa, kiti kingekwenda kwa mwingine, na hilo baba alilijua kuliko mtu yeyote.

Tatizo lilikuwa umeme. Ilikuwa miezi ya mgao, na umeme ukikatika laptopu nayo ilizima papo hapo. Ijumaa moja alasiri baba alikuwa ameketi sebuleni akibofya kwa vidole viwili, ameshaingiza darasa zima, umeme ukaenda na kazi yote ikaenda nayo. Alijishika kichwa kwa mikono miwili. "Betri imekufa hii," alisema. "Haikai hata dakika moja." Sikuwahi kumwona hivyo. Nilikuwa na miaka tisa, mama yangu alikuwa Ukerewe akimuuguza bibi, na nyumbani tulikuwa wawili tu. Niliona kumsaidia baba ni juu yangu, na kuhusu betri zilizokufa mimi nilikuwa mtaalamu.

Namna ya kuitoa betri ile nilifundishwa na mtu mwingine, baba mdogo. Huyu alikuwa mdogo wake baba wa tumbo moja. Alikuwa fundi wa simu na kompyuta, na meza yake ilikuwa Buzuruga, karibu na stendi ya mabasi, chini ya mwavuli uliochanika upande mmoja. Hakusomea. Alijifunza kwa kuharibu, mwenyewe alisema hivyo bila haya, na baba hakuipenda kazi ile. Aliiona ni ya watu walioshindwa shule. Lakini kila Jumapili baba mdogo alikuja kula kwetu, na baada ya kula alifungua kitu chochote kilichokuwa na skrubu. Alikuwa akiniita Mama kwa sababu nilirithi jina la mama yao, na baba pia aliniita hivyohivyo. Jumapili moja aliigeuza laptopu ya shule akanionyesha vile vifungo viwili vya chini. "Ukisogeza vyote kwa pamoja, Mama, betri inatoka kama droo," alisema. Nilijaribu mara tatu, ikatoka mara tatu, akanipa mkono kama mtu mzima mwenzake.

Basi Jumamosi baba akaenda kwenye kikao cha harusi ya mwalimu mwenzake. Vikao vile mnavijua, mtu akienda asubuhi hurudi jua linazama. Nilifungua begi, nikasogeza vifungo, betri ikatoka. Ilikuwa nyeusi, nzito kuliko nilivyodhani. Niliipandisha juu ya jiwe, nikachagua sehemu isiyo na kivuli kabisa, nikailaza. Mama Kulwa akaja kugeuza michembe yake, akanikuta nimechuchumaa naichunga.

"Hicho nini tena?" aliuliza.

"Betri ya baba."

"Kubwa hivyo? Ya redio gani?"

"Ya kompyuta."

"Haya. Lakini kaa mbali na michembe yangu, isije ikanuka dawa za Wazungu."

Nilicheka, nikaisogeza kidogo. Adhuhuri niliigeuza kama nilivyofundishwa, nikitumia kanga maana ilikuwa inaunguza. Jua la siku ile lilikuwa la kupasua kichwa, na jiwe lenyewe lilikuwa jiko. Saa kumi nilipopanda tena nilikuta betri imefura tumbo. Pembeni yake hewa ilikuwa na utamu ule niliowaambia. Niliinama nikanusa, nikafurahi. Sikuwa na shaka hata kidogo juu ya maana yake. Betri ilikuwa imeshiba. Za redio hazikuwahi kuvimba kwa sababu ni ndogo, hii ni kubwa, imekunywa jua la siku nzima imejaa mpaka pomoni. Nilitamani baba angekuwapo aione.

Kuirudisha ilikuwa kazi. Ilikataa kuingia. Niliiweka laptopu sakafuni nikaikandamiza betri kwa goti mpaka kifungo kimoja kikalia, cha pili kikafunga nusu. Niliirudisha kwenye begi, nikaliweka begi pale pale lilipokuwa. Baba aliporudi amechoka na porojo za kikao, nilimkaribisha na maji ya kunawa huku nikijibana nisitoboe siri. Nilitaka agundue mwenyewe.

Aligundua Jumapili tulipotoka kanisani. Nilisimama kando ya kiti chake nikisubiri kusifiwa. Alifungua mfuniko, akaminya kitufe. Kimya. Akaminya tena, akashikilia. Umeme siku hiyo ulikuwapo, akachomeka chaja, kitaa cha chaja kikawaka kijani, lakini laptopu haikutoa hata mlio wa feni. Akabadilisha soketi. Akaipuliza pembeni. Akaifunga, akaifungua, akaminya. Niliuona uso wake ukibadilika kidogo kidogo, nami nikarudi nyuma hatua moja. Bado sikuelewa, lakini mwili wangu ulikuwa umeshaelewa.

Baba mdogo alifika kabla chakula hakijaiva. Alinawa mikono kwanza, akauliza maswali kama daktari. Ilizimaje? Ilidondoka? Imemwagikiwa maji? Baba akajibu hapana kwa kila swali, kwa hasira, maana hakupenda kuulizwa na mdogo wake. Baba mdogo akatoa mita yake ndogo, akagusa ncha ya chaja. "Chaja inatoa," alisema. "Sasa tuitoe betri, tujaribu kwa chaja peke yake. Mara nyingi inakuwa ni betri tu." Aliipakata laptopu, upande wa chini ukimwelekea yeye. Baba wakati huo alikuwa amesimama dirishani, anaongea kwa simu na mkuu wa shule, anamhakikishia kwamba alama ziko salama. Vifungo havikusogea. Baba mdogo akainamisha kichwa, akanusa. Kisha akaacha kabisa kuvuta.

"Kaka," alisema baba mdogo, kaka yake alipomaliza simu, "hapa nitaivunja. Niende nayo mezani, kule nina vifaa."

"Naitaka kesho."

"Kesho utaipata. Au utapata kilichomo."

"Usinifanyie mafumbo. Jumanne alama zinaondoka."

Baba mdogo alilibeba begi jeusi begani kwake, akaondoka bila kula. Sehemu ya chakula chake niliifunika kwa sahani, ikakaa mpaka Jumatatu.

Jumatatu nilipotoka shule nilimkuta baba mdogo ameketi kizingitini, baba bado hajarudi. Nilimwamkia, akaitika, akaniambia nikae. Alitoa mfukoni kitu kilichofungwa kwenye gazeti, akakifungua kwenye mapaja yake. Ilikuwa betri. Tumbo lilikuwa limeongezeka, na upande mmoja, pale palipokuwa na ile karatasi nyeupe ya namba, palikuwa na gundi tupu iliyoyeyuka. Ndani ya gundi kulikuwa na chembechembe nyeupe.

"Mama, betri hii ililala wapi?"

"Sijui."

Alichokonoa chembe moja kwa ukucha. Ilikuwa ya mchembe. Aliitazama, akatazama kupitia mlango wa nyuma uliokuwa wazi, lile jiwe na Mama Kulwa juu yake amejifunga kanga kichwani. Nilihesabu misumari ya mlango. Nilikuwa nangoja aniulize mara ya pili, kwa sababu mara ya pili ningesema, naapa ningesema, ila hakuniuliza.

"Kitu kama hiki kikipata joto kinaweza kulipuka kikakutoa uso," alisema. "Umenisikia?"

"Ndiyo, baba mdogo."

"Basi." Akaifunga tena kwenye gazeti.

Baba alipofika walikaa sebuleni, mimi nikabaki nyuma ya pazia la mlango. Baba mdogo alimpa flashi. Alieleza kwamba amefungua laptopu yote, ubao umepiga shoti na hautapona, lakini diski ni nzima. Ameifunga kwenye kompyuta nyingine, ametoa alama za kidato cha nne zote, amepitia majina moja moja, hakuna lililopotea. Alikuwa hajalala. Macho yake yalikuwa mekundu na vidole vyake vilikuwa vyeusi. Baba aliishika ile flashi, akashusha pumzi ndefu. Kama angeishia hapo, leo nisingekuwa na la kuwasimulia.

"Na kilichoiua?" aliuliza.

Baba mdogo akafungua gazeti. "Betri ilivimba. Ilipata joto kali."

Baba aliigeuza mara mbili. "Hii si betri yangu."

"Ni yenyewe, kaka."

"Yangu ina namba ya shule. Hii namba yake iko wapi?"

Kila mtu mjini ana kisa cha fundi aliyemnyofolea kitu kizima akamrudishia kibovu. Visa hivyo tulivisikia kila siku, tulicheka navyo, na sasa kimoja kilikuwa kimeingia nyumbani kwetu kikakaa kwenye kochi. Pazia lilikuwa jepesi, na nadhani baba mdogo aliiona miguu yangu. Aliitazama kwa muda.

"Sijabadilisha kitu, kaka," alisema.

"Mafundi wa meza wote mnajulikana. Ila mimi nilidhani damu ni damu."

Nilisubiri aniite. Nilikuwa nimeshaanza kulia kimoyomoyo, nikijiandaa kwa fimbo. Baba mdogo aliinuka, akachukua mita yake mezani, akatoka. Sikujua kwamba mtu anaweza kunyamaza kwa ajili yako. Mtoto wa miaka tisa haelewi jambo hilo. Nilidhani amenyamaza kwa sababu naye hana uhakika, labda kweli alibadilisha, labda ile ya jiwe ilikuwa betri nyingine. Nililishika wazo hilo kwa siku kadhaa. Lilinisaidia kula.

Jumanne alama ziliondoka. Hakuna aliyeuliza zimepona vipi. Swali la shule lilikuwa moja tu, nani ameua laptopu, na siku hiyohiyo baba akaandika barua ya kumtaja fundi. Alhamisi askari wawili walikwenda Buzuruga wakamchukua baba mdogo mezani kwake, mbele ya makondakta, wauza maji na wateja waliokuwa wanangoja simu zao. Habari nililetewa na watoto wa mtaani kwetu, waliigiza mpaka namna alivyoshikwa suruali. Alilala mahabusu siku nne. Siku ya kwanza nilijiambia nikisema nitafungwa naye chumba kimoja. Siku ya pili nilijiambia akitoka nitasema. Alipotoka nikajiambia ametoka, yamekwisha. Mnaona nilivyokuwa na akili.

Hakukuwa na ushahidi wa kumpeleka mbele, wakamwachia. Lakini nani atampa simu yake fundi aliyekwishashikwa suruali stendi? Mahali pa meza yake palikuwa na muuza viatu. Wiki hiyohiyo alikuja kutuaga, anarudi Nansio, kule Ukerewe, kwenye shamba la bibi. Baba alikuwa chumbani na hakutoka. Mimi ndiye niliyesimama mlangoni.

"Soma, Mama," alisema.

"Ndiyo, baba mdogo."

Ndiyo, baba mdogo. Hayo ndiyo niliyoyapata, na meli ya Nansio haikuwa imeondoka bado. Nilikuwa na mchana mzima wa kumkimbilia. Niliingia ndani nikafagia.

Mwaka uliofuata baba akawa mkuu wa shule. Nami nikawa yule mtoto wa kupigiwa mfano, hakuna aliyeamka mapema kuliko mimi, hakuna aliyeosha vyombo bila kutumwa kuliko mimi, na mama alirudi kutoka Ukerewe akashangaa adabu hii imetoka wapi. Baba mdogo alioa huko, akapata watoto watatu. Alinunua paneli ya sola akawa anachaji simu za watu, na nilipolisikia hilo nikiwa sekondari, kwamba anaishi kwa kutia moto betri kwa jua, nilikwenda chooni nikakaa humo mpaka kengele ya kipindi ilipolia. Tulikutana naye misibani na kwenye harusi za ukoo. Yeye na baba walipeana mikono kama watu waliokutana foleni ya benki. Mimi alinisalimia vilevile kama zamani, Mama hujambo, Mama masomo, na kila mara nilitamani awe mkali. Nilimchukia kidogo kwa upole wake, nakiri. Mtu akikusitiri miaka yote hiyo unafika mahali hutaki kumwona.

Wiki chache kabla ya ile laptopu ya ofisini, alifariki. Figo. Tulivuka kwenda Nansio kumzika. Nyumba ilikuwa imejaa, wanawake jikoni, wanaume chini ya turubai. Nilikuwa nimeketi mkekani na wafiwa, Neema akaja kukaa kando yangu. Huyu ni binti yake mkubwa, yuko kidato cha tatu. Alikuwa amelia mpaka sauti imekauka.

"Dada, naomba nikuulize. Wewe ulikuwa mkubwa wakati ule."

"Uliza."

"Ni kweli baba aliiba? Shuleni wananiita betri. Nilimuuliza mwenyewe, akasema nimuulize baba mkubwa. Sasa baba mkubwa naanzaje kumuuliza?"

Nilimwambia baba yake hakuiba. Akataka kujua najuaje. Nikasema najua tu, nikainuka, nikaenda kumtafuta baba.

Baba alikuwa nyuma ya nyumba, kwenye kiti cha plastiki, miwani puani, anapitia karatasi. Yeye ndiye aliyepangwa kutoa neno la familia kaburini. Mnajua neno hilo linavyokuwa, msemaji anashukuru watu, halafu anaomba kama yupo ambaye marehemu alimkosea, amsamehe.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, Mama."

Nilikuwa nimeisubiri sentensi hiyo kwa karibu miaka ishirini, na ilipotoka ilikuwa fupi mno. "Baba, ile betri niliianika mimi. Juu ya jiwe."

Hakushtuka. Alikunja karatasi yake mara mbili, akaiweka kwenye mfuko wa shati.

"Najua."

Nilidhani hakunisikia vizuri.

"Mama Kulwa aliniletea ile karatasi ya namba," alisema. "Aliikuta imeganda kwenye michembe yake. Jumatano ile."

Jumatano. Askari walikwenda Buzuruga Alhamisi.

"Kwa nini hukusema?"

"Ningesemaje? Barua nilishaiandika. Ningerudi kwa mkuu nimwambie laptopu ya shule imechezewa na mtoto wangu, nyumbani kwangu, na mimi niko kwenye kikao cha harusi? Wewe ni mtu mzima sasa, niambie, ningesemaje?"

"Alilala mahabusu, baba."

"Siku nne. Na nilikuwa nampelekea chakula."

Alisema hivyo kama mtu anayeonyesha stakabadhi. Na mimi, ambaye nilibeba mzigo ule peke yangu kuanzia darasa la tatu, niliyeamka usiku nikisikia mlio wa kifungo kile chini ya goti langu, niligundua kwamba tulikuwa watatu ndani ya siri moja, na aliyekuwa hana kosa ndiye pekee aliyeilipia. Nilimchukia baba pale. Sitapamba. Nilimchukia kwa miwani yake na kwa karatasi iliyokunjwa vizuri.

"Neema ananiuliza kama baba yake alikuwa mwizi," nilisema. "Utasema leo. Nakuomba. Watu wote wa hapa wapo."

Aliipapasa ile karatasi mfukoni. "Nitaona namna ya kuliweka," alisema.

Nilimwamini. Niliposimama kaburini nilimshika Neema mkono, nikamnong'oneza asikilize neno la baba mkubwa vizuri. Katekista alimaliza sala, mchanga ukarushwa, mashada yakawekwa. Baba akasogea mbele. Alishukuru majirani, alishukuru kwaya, alishukuru madaktari. Alisema mdogo wake alikuwa fundi hodari na mtu wa watu. Kisha akavua miwani.

"Kama binadamu, aliteleza," alisema. "Wengine hapa mnajua, sitaki kulirudia leo. Mimi kama kaka yake nasema mbele yenu na mbele ya Mungu kwamba nilikwisha kumsamehe zamani. Na kama yupo mwingine aliyekosewa naye, namwomba naye amsamehe, ili apumzike kwa amani."

Mkono wa Neema ulichomoka kwenye mkono wangu. Alinigeukia, akanitazama, akinisubiri mimi niliyemwambia baba yake hakuiba. Nilikuwa mbele, hatua nne kutoka kwa baba. Ilikuwa sentensi moja. Lakini pale walikuwapo wanafunzi wake wa zamani, watu wazima wenye vitambi waliokuja kumpa pole mwalimu wao. Alikuwapo mama yangu, ambaye hakujua lolote. Alikuwapo yeye mwenyewe, mzee, amesimama na miwani mkononi, macho yamelowa, na nadhani wakati huo alikuwa akiyaamini maneno yake. Nikiwa na miaka tisa nilikuwa na sababu moja tu ya kunyamaza, woga. Safari hii nilikuwa nazo nyingi, zote za kistaarabu.

Katekista akainua mkono. "Mungu aupokee msamaha huu," alisema.

Watu wote wakaitikia amina. Neema alikuwa bado ananitazama, akaiona midomo yangu ikiitikia.